Kitabu cha Maalim Idrisa

Siku mliyoniaga nilipostaafu zilisomwa hotuba nne, na zote zilitaja vyeo nilivyopata na tarehe nilizovipata. Hayo yamo kwenye faili langu, kama panya hawajalimaliza. Kuhusu kazi yenyewe hakuna aliyeniuliza kitu, isipokuwa yule binti mpya wa masijala. Alinifuata mlangoni nikiwa nimebeba zawadi mikono yote miwili, akaniuliza lile rundo la makaratasi lililoandikwa "Maalim Idrisa", lililo chini kabisa ya kabati la chuma, ni la nini, na kama linaweza kuchomwa pamoja na mengine yasiyo na kazi.

Sikumjibu vizuri. Namjibu sasa, na ninyi wengine msome.

Nilifika Mbinga miaka michache baada ya uhuru, juu ya lori la mbegu za mahindi kutoka Songea, nikiwa na sanduku moja, barua ya kuajiriwa na khanga ambazo kwa baridi ya kule zilikuwa sawa na kuvaa gazeti. Mimi ni mtu wa Lindi. Kazi yangu iliitwa Bibi Maendeleo, maana yake nilitakiwa kuwafundisha akina mama usafi, malezi, mapishi, kushona na kusoma, katika milima nisiyoijua na kati ya watu ambao nyumbani walisema Kimatengo. Somo langu la kwanza lilikuwa Ruanda, kijiji cha huko huko Mbinga, nikawafundisha samaki wa nazi. Walinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha mama mmoja akauliza kwa upole hiyo nazi inaota wapi.

Aliyenifunza kazi ni karani wetu mkuu, Mzee Haule, aliyesoma kwa mapadri Kigonsera na kutoka huko na mwandiko ulionyooka kuliko barabara zetu zote. Alinionyesha namna ya kuingiza karatasi tatu na kaboni mbili kwenye taipureta bila kuzikunja, na namna ya kuifunga taipureta yenyewe kwa blanketi ili isife juu ya lori. Kuhusu ripoti alinipa neno moja tu.

"Andika ulichokiona, mwanangu. Unachofikiri watakuuliza. Wasipokuuliza, umeokoa karatasi."

Kosa langu lilikuwa kumwambia Mzee Haule kwamba baba yangu alikuwa na chuo cha Kurani, na kwamba mimi nilijua herufi za Kiarabu kabla ya a, e, i, o, u. Sikusema najua Kiarabu. Nilisema najua herufi. Tofauti hiyo nimeieleza kwa miaka yote ya kazi yangu na sina hakika kama yuko aliyeisikia. Mwezi haukwisha nikaletewa boksi la tende nilisome. Nikasoma: tende. Askari mmoja akaniletea kanzu ya marehemu baba yake nimwambie tarizi ya shingoni inasema nini. Haikusema kitu, yalikuwa maua. Aliondoka akiwa na hakika kwamba nimemficha.

Basi ulipofika wakati wa watu kuhamia vijiji vya ujamaa, mkuu wetu wa kazi alikuwa Ndugu Mashaka, aliyehamishiwa kwetu kutoka kaskazini, mtu wa juhudi nyingi na masikio machache. Aliniita asubuhi moja.

"Kuna ukoo mmoja huko ziwani, kwenye ghuba ndogo kusini ya Mbamba Bay," alisema. "Wamekataa kuhamia barabarani. Wanasema wana maandishi ya Kiarabu tangu enzi za babu yao. Nenda kayasome. Kama ni hati ya ardhi, nijue. Kama si hati, nijue upesi zaidi."

"Ndugu Mashaka, mimi sijui Kiarabu."

"Si unasoma?"

"Nasoma herufi."

"Basi soma herufi," akasema, akarudi kwenye faili lake.

Kushuka kutoka Mbinga hadi ziwani siku hizo kulichukua siku nzima, na lori letu lilichukua mbili, kwa sababu breki zilikuwa zinafanya kazi zilipojisikia. Kila mteremko utingo alikimbia mbele na jiwe. Nilipofika Mbamba Bay nilikuwa nimevaa sweta mbili na joto la kule likanipokea kama tanuri. Kutoka hapo nikatembea nusu siku.

Mwenye maandishi alikuwa mwanamke mzee, Bibi Zuhura. Nilimkuta akigeuza usipa, dagaa wa ziwa lile, juu ya kichanja, mrefu, mkavu, na macho ya mtu ambaye amekwisha kuona maofisa wengi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa kusoma?"

"Ndimi, bibi."

"Wa kwanza alikuja na bunduki," akasema. "Wewe angalau umekuja na miwani."

Alitoa sanduku la bati, na ndani yake kitabu kilichofungwa kwa kaniki. Hakikuwa na jalada. Kurasa zilikuwa nzito, zimeachana na uzi, zimeandikwa kwa wino mweusi na vichwa vya habari kwa wino mwekundu. Nilikaa kwenye mkeka nikaanza kusoma kwa sauti, polepole, kama nilivyofundishwa na baba, nikitegemea Kiarabu nisichokielewa. Mstari wa pili nikanyamaza. Kilikuwa Kiswahili. Herufi za Kiarabu, lugha yetu.

Kilianza hivi: "Mimi Idrisa bin Faraji wa Kilwa nimefasiri kitabu hiki cha Waarabu kwa lugha ya Waswahili, maana huku niliko hakuna wa kukisoma, nami nimechoka kucheka peke yangu."

Bibi Zuhura alikuwa mjukuu wake. Siku ile na siku zilizofuata alinieleza, huku akinilisha muhogo na samaki mbasa wa kuchoma. Maalim Idrisa alikuwa mwanachuoni kijana wa Kilwa aliyeajiriwa kuwa karani wa msafara wa pembe na watumwa. Alifika ziwani na daftari, kazi yake kuandika walionunuliwa. Kati yao alikuwamo msichana wa pwani hii ya ziwa, ambaye baadaye aliitwa Tausi.

"Babu alisema alipofika kwenye jina lake, akaweka kalamu chini, asiandike tena mtu kama gunia," Bibi Zuhura alisema. "Ndivyo alivyosema yeye. Bibi yangu Tausi alisema alitoroka mwenyewe, na huyo mwanamume akamfuata nyuma."

"Lipi la kweli?"

"Waliishi pamoja miaka thelathini wakibishana hilo hilo. Mimi niingie wapi?"

Maalim Idrisa hakurudi Kilwa. Watu wa Tausi walimpa mahali pa kujenga. Alikuja na vitabu vichache vya fasihi ya Kiarabu, visa vya walaghai, majaji, wafanyabiashara na washairi walevi, na kwa kuwa Tausi alitaka kujua mumewe anacheka nini, akaanza kumfasiria. Pembezoni mwa kurasa aliandika walivyobishana. Mahali pamoja nilisoma: "Mama watoto ameuliza jangwa ni nini. Nimemwambia ni ziwa lisilo na maji. Amesema hilo basi ni shimo, na kwa nini watu wenye akili wapitishe ngamia shimoni." Chini yake, kwa wino mwingine: "Sina jibu."

Nilirudi Mbinga nikaandika nilichokiona. Si hati ya ardhi. Ni tafsiri ya hadithi. Ndugu Mashaka alisoma ripoti akiwa amesimama.

"Nani anatunza hadithi kwenye sanduku la bati?" aliuliza.

"Mjukuu wa aliyeifasiri."

"Umesoma kitabu chote?"

"Nimesoma kurasa kama ishirini."

"Basi ardhi iko kwenye zile ambazo hujasoma. Fasiri yote. Nakala tatu."

"Kimekwisha kufasiriwa, Ndugu Mashaka. Kiko kwa Kiswahili."

"Kiko kwa Kiarabu. Mimi siwezi kukisoma."

Nilimweleza tena habari ya herufi na lugha. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemngoja mwenzake amalize kukohoa.

Kwa hiyo kwa mwaka mmoja na nusu, kila nilipopata lori, nilishuka ziwani na taipureta kwenye blanketi, nikaketi kwenye ukumbi wa Bibi Zuhura nikihamisha kitabu kutoka herufi moja kwenda nyingine. Mnaodhani hiyo ni kazi ya kunakili tu mjaribu. Waliotuletea herufi hizo hawana p, na Maalim Idrisa, kama wengi wa zama zake, aliandika b mahali pa b na pa p, na kumwachia msomaji taabu. Kulikuwa na kisa kirefu cha mwizi. Nilikipiga taipu kurasa mbili nzima kuwa mtu ameiba bunda. Bunda la nguo, nikajua mwenyewe. Alilibeba, akalificha, wenyewe wakalitafuta. Kisha kwenye ukurasa wa tatu bunda likampiga teke. Nikaanza upya, karatasi tatu na kaboni mbili. Alikuwa ameiba punda.

Bibi Zuhura alicheka siku nzima kwa habari hiyo, na nadhani ndiyo siku aliyonikubali.

Lakini kwenye safari ya nne niliona kitu. Nilikuwa nimeweka alama ya kijiti mahali nilipoishia, na kila nikirudi, kitabu kilikuwa chembamba kuliko nilivyokiacha. Nilihesabu. Kurasa sita hazikuwapo. Katikati palikuwa na nyingine nne ambazo zilikuwapo, ila zilikuwa tupu, zimeoshwa, nyeupe kama sahani.

"Bibi, kurasa hizi zimefanywaje?"

"Mtoto wa jirani alikuwa na degedege," akasema bila kuacha kupepeta. "Na kuna mwanamke alikuwa anaota ndoto mbaya."

Nilielewa, na damu ikanipanda. Kwetu Lindi mwenye kutengeneza kombe huandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaosha kwa maji, mgonjwa akanywa. Mambo hayo nayajua tangu utoto. Bibi Zuhura hakujua kuandika. Kwa hiyo alichukua maandishi yaliyokwisha kuandikwa miaka themanini iliyopita, ya pekee duniani, akayafuta kwa maji na kuyanywesha majirani. Wino wa Maalim Idrisa ulikuwa wa masizi na gundi ya mti. Ulitoka vizuri sana, na zile sita ambazo hazikuwapo ni zilizolowa mpaka zikachanika.

Sikuwa na adabu siku ile, na sijivunii.

"Bibi, unajua umewanywesha nini? Hii si Kurani. Umempa mtoto mwenye degedege kisa cha mshairi mlevi aliyeanguka kisimani."

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Babu alinisomea mwenyewe. Nilikuwa nalala mapajani kwake." Aliweka ungo chini. "Kurani iko, ile pale juu kwenye dari. Unataka niifute Kurani? Niende kumwambia nini Mwenyezi Mungu? Watu wanakuja wana hofu, wanataka kitu cha kunywa. Nawapa mlevi wa kisimani. Hamdhuru mtu. Kisha nawaambia waende zahanati."

"Na kitabu kinakwisha."

"Hakikwishi. Nafuta zile ninazozijua tu." Akagusa kipaji cha uso kwa kidole. "Nisizozijua sijawahi kuzigusa. Kaa uandike."

Nilikaa. Alifumba macho akaanza kisa cha mshairi mlevi tangu salamu ya kwanza, na kila sauti ya kila mtu, hata ya kisima. Nilishindwa kumfuata kwa taipureta nikachukua kalamu. Baadaye nikapima kumbukumbu yake kwa kurasa ambazo zilikuwa bado hazijafutwa, naye hakujua nampima. Alikosa maneno mawili katika kurasa tano, na moja kati ya hayo, nilipotazama vizuri, ni mimi niliyekuwa nimesoma vibaya. Yaliyomo katika lile rundo, basi, nusu yametoka kwenye karatasi na nusu kinywani mwa mwanamke huyo. Zile zenye alama ya nyota juu ni za kinywani.

Nilimwomba asifute nyingine mpaka nimalize. Alisema atajitahidi. Nilipita zahanati ya Mbamba Bay kumwomba tabibu awashughulikie upesi watu wa ghuba ile wakija, ili wasirudi kwa Bibi. Tabibu akaniuliza kama naweza kumsomea maandishi ya kwenye kopo la chai.

Jambo la ardhi lilikuja karibu na mwisho wa kitabu. Lilikuwa pembeni, kwa wino mweusi: "Mahali hapa nilipojenga si pangu. Nimepewa na jamaa za mama watoto nikae, nami nikiondoka ni pao kama palivyokuwa." Nililisoma kwa sauti kabla sijafikiri, na ukumbi mzima ukasikia, maana wakati huo walikuwa wamezoea kuja kusikiliza.

Bibi Zuhura aliwaondoa watu. Akasogea karibu.

"Hilo linatusaidia au linatuumiza?"

"Sijui, bibi. Linasema ghuba ni ya watu wa upande wa bibi yako Tausi. Ninyi ni watu wa Tausi."

"Huyo mkuu wako hawezi kusoma hizi herufi."

"Hawezi."

"Basi ungeweza kuandika kwamba imesemwa kwa nguvu zaidi. Kwamba imepigwa muhuri. Neno moja au mawili, mwanangu. Mimi hapa nimezaliwa, na mama yangu, na makaburi ni yale unayoyaona."

Niliyaona. Yalikuwa hatua thelathini kutoka mlangoni. Nilipiga taipu maneno yale kama yalivyo, bila kuongeza kitu, huku akinitazama vidole. Siku ile hakunilisha, nikatembea hadi Mbamba Bay na njaa.

Niliwasilisha kazi nzima, nakala tatu, na barua ya kurasa mbili niliyoandika kwa mkono wangu nikieleza kwamba maneno yale yanaunga mkono madai ya ukoo na kwamba naomba waachwe. Hapo niliandika nilichofikiri, kinyume cha mafundisho ya Mzee Haule. Ndugu Mashaka aliupima mzigo kwa mkono.

"Kazi kubwa," akasema. "Ila watu wa ghuba wanahama mwezi ujao. Hilo liliamuliwa zamani."

"Zamani lini?"

Akafungua faili, akanionyesha barua. Ilikuwa imetiwa sahihi wiki mbili kabla mimi sijapanda lori mara ya kwanza. Nilisimama pale nikizihesabu safari zangu zote. Nilimuuliza kwa nini basi alinituma.

"Palikuwa na madai," akajibu, na alishangaa kweli kwamba nauliza. "Madai lazima yachunguzwe."

Nakala mbili alizipeleka anakokujua yeye, sikusikia habari zake tena. Ya tatu Mzee Haule aliifunga kwa uzi, akaandika jina juu yake kwa mwandiko wake ulionyooka, akaiweka chini ya kabati. Alinipikia chai.

Walihamishwa. Nilikuwapo, kwa sababu kazi ya Bibi Maendeleo ilikuwa pia kuwaelekeza akina mama namna ya kupanga nyumba mpya, ambazo siku hiyo zilikuwa vijiti vilivyochomekwa ardhini. Bibi Zuhura alipanda lori mwenyewe, amekumbatia sanduku la bati. Niliposogea kumsaidia alinipa kona ya sanduku nishike, tukakaa hivyo njia nzima. Alipoona mahali penyewe, kilomita nyingi kutoka majini, alisema tu, "Hapa usipa utanijia kwa miguu?"

Mimi nikahamishiwa kituo kidogo cha Mbamba Bay kusimamia elimu ya watu wazima katika vijiji hivyo vipya, na Mzee Haule akaniazima ile nakala ya tatu, niliyokuja kuirudisha kabatini baadaye. Vitabu vya kusomea vilichelewa, kisha vikafika, na vilikuwa vya kilimo bora cha pamba. Watu wa milimani wanalima kahawa, na mahindi kwenye ngolo, mashimo wanayochimba mteremkoni. Watu wa ziwani wana muhogo na samaki. Pamba hakuna aliyeiona ila mwilini. Niliandika barua. Nikaletewa vingine, vya pamba, toleo jipya. Basi nikatoa kisa cha mwizi wa punda, nikakikata vipande vifupi, nikakichapa kwa stensili, na darasa la kijiji cha Bibi Zuhura likajifunza kusoma kwa kisa hicho. Mkaguzi alipokuja akataka kujua punda anahusikaje na maendeleo, mama mmoja akamjibu kwamba mtu aliyeibiwa punda hana maendeleo. Akaandika hilo kwenye ripoti yake.

Mwaka uliofuata Bibi Zuhura aliugua kifua. Tabibu alisema ni homa ya mapafu, akampangia sindano, na safari hii mwenyewe alifika kwa wakati kumchoma. Nilikwenda kumwona. Alikuwa amelala nyumbani, amekonda, sauti imekuwa ndogo.

"Lete kile kitabu," akasema. "Kuna karatasi ya mwisho. Sijaijua hiyo."

Niliijua mimi. Nilikuwa nimeipiga taipu mwenyewe. Kisa kinakatika katikati, jaji amefungua kinywa atoe hukumu, na chini yake Maalim Idrisa ameandika: "Hapa nimeacha. Tausi amefariki. Nimejaribu kuendelea lakini maneno yote yamekuwa rahisi, hakuna anayeniuliza maana yake."

Nilimsomea.

"Nilidhani alichoka macho," akasema. "Kila mtu alisema ni macho." Kisha akasema, "Nisomee tena. Nisomee mpaka niishike."

Nilirudi siku ya pili na ya tatu, asubuhi, baada ya sindano yake. Siku ya tatu aliisema yote mwenyewe, bila kosa, mpaka kinywa cha jaji.

"Sasa nifutie."

Nilimwambia sindano zinatosha. Nilimwambia ni mkono wa babu yake. Nilimwambia mambo yote niliyokuwa nimemwambia kwa miaka, nayo yalikuwa ya kweli yote. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Nakala unayo?"

"Ninayo."

"Kichwani ninayo. Na wewe unayo kichwani, nimekuona midomo ikitembea. Mimi ni mgonjwa, mwanangu. Nina hofu. Nifutie."

Nilichukua sahani nyeupe. Nikamimina maji yaliyochemshwa, angalau hilo. Nikaiweka karatasi ndani, nikapitisha vidole juu ya mistari, na wino wa Maalim Idrisa ukaanza kuondoka, kwanza maneno ya jaji, kisha yale ya chini. Nilimwinua, akanywa yote kwa vituo vitatu.

"Chungu," akasema. "Alitia gundi nyingi."

Alipona. Tabibu alisema ni sindano, nami nasema ni sindano, na aliishi miaka minne baada ya hapo. Kitabu kiko kwa wajukuu zake pale kijijini, kurasa zilizobaki, na wameahidi kutozigusa. Ila alipopata nguvu za kutembea, Bibi Zuhura alizunguka kijiji kizima akieleza nani alimfutia.

Jumatatu iliyofuata nilifika ofisini nikakuta wanawake wawili na mzee mmoja wamekaa barazani, kila mmoja na sahani nyeupe mapajani.

"Tumeambiwa mkono wako ni mwepesi," akasema mkubwa wa wale wanawake.

Niliwaeleza habari za sindano. Niliwaeleza kwamba mimi ni mtumishi wa elimu ya watu wazima. Niliwapeleka zahanati mwenyewe, mmoja mmoja, nikasimama mpaka wamepewa dawa na kumeza mbele yangu. Saa nane mchana walikuwa wamerudi barazani na sahani zao.

Basi nikawaambia waingie. Nikatoa nakala ya taipu, nikawasomea kisa cha mwizi wa punda tangu mwanzo hadi mwisho, na sauti zote, kama nilivyomsikia Bibi Zuhura akifanya. Walicheka. Mzee alicheka mpaka akashika ukuta. Nilipofunga faili nilijisikia, kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi, kwamba nimemwelewesha mtu kitu.

Yule mwanamke alifuta machozi ya kicheko, akanisogezea sahani yake.

"Ahsante, mwanangu, umesoma vizuri sana," akasema. "Haya, sasa tufutie."

Wino wa taipureta hautoki kwa maji, hata ukisugua. Najua, kwa sababu mchana ule nilijaribu.